Unaichemsha au Unailoweka?

Wanangu mnaoshuka Rungwe wiki ijayo kukaa na waganga, mwalimu wenu ameniomba niwaeleze namna ya kukusanya habari za tiba asili. Nitashika jambo moja tu, lile nililolikosa mimi.

Safari yangu ya kwanza Tukuyu nilikaa na mama mmoja mganga, nikarudi Mbeya daftari limejaa: jina la mti kwa Kinyakyusa, jina la kisayansi, ugonjwa. Mzizi, tumbo. Majani, homa. Nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe yule mama alikuwa akinifundisha kwa mikono, na macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Linaniuma mpaka leo, kwani hayupo tena wa kuulizwa.

Sikieni habari za mama mtafiti wa dawa, Tu Youyou wa China. Mwaka 1971 alikuwa akihangaika na mmea uitwao qinghao, kutafuta dawa ya malaria. Majaribio yanakubali leo, kesho yanakataa. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong, ya karne ya 4: chukua konzi moja, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hamna moto hapo! Akatambua kwamba joto ndilo liliharibu dawa, akaikamua kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Ndipo ikapatikana artemisinini, chimbuko la dawa mseto tunayopewa zahanati, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ge Hong angeandika "qinghao, homa" kama nilivyoandika mimi, Tu Youyou angeshika nini?

Basi ulizeni. Unachimba kabla ya mvua au baada? Unaanika juani au kivulini? Unaichemsha au unailoweka? Na kama ni gome, umelibandua upande gani? Misitu yetu ya milimani ina mti uitwao Prunus africana, ambao gome lake hutafutwa Ulaya kwa dawa za tezi dume. Ukibanduliwa kuzunguka shina lote, mara nyingi hufa. Biashara iliuelemea hata mwaka 1995 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mganga anayebandua kipande na kuacha kovu lifunge ameshajua hilo, liandikeni.

Mkimaliza, msilete daftari kwangu kwanza. Msomeeni mganga mwenyewe, kwa Kinyakyusa. Akisema hapo umekosea, futa.