Kituo cha Kupozea Umeme Kikipakana na Chumba cha Kulala

NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Arusha inatanuka pande zote na umeme lazima uufuate mji. Tuseme limeletwa ombi la kubadilisha kiwanja cha makazi kiwe cha kituo cha kupozea umeme, kilovoti 132 kushuka 33. Kaka Eli, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iko mezani halmashauri. Tufungue ukurasa gani kwanza?

ELI: Wa kelele, dada Neema. Chuma cha ndani ya transfoma hutanuka na kusinyaa mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo hutoka kwenye hezi 100, na juu yake 200, 300. Sasa kipimo cha kawaida, desibeli A, hukata sauti ya hezi 100 kwa desibeli 19 hivi. Namba kwenye karatasi inakuwa ndogo, na mtu kitandani anausikia vilevile.

NEEMA: Tena usiku kucha, haupumziki.

ELI: Ndiyo maana wapimaji makini huongeza desibeli 5 sauti ikiwa ya mlio mmoja. Tupige hesabu. Transfoma inatoa desibeli 60 ukiwa mita 10. Kila umbali ukizidi maradufu kelele inapungua 6: mita 20 ni 54, mita 40 ni 48, mita 80 ni 42. Ripoti ikiishia hapo, utaona hakuna tatizo. Lakini tazama mchoro: kuna misingi miwili ya transfoma! Transfoma ya pili, yenye nguvu ileile, inaongeza 3, tumefika 45. Weka ile 5, ni 50. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya, wa 2009, unataka wastani wa usiku nje ya nyumba usizidi 40.

NEEMA: Na kipimo cha hali ya sasa kikichukuliwa saa nne asubuhi, bodaboda zinapita, mtaa unaonekana una kelele tayari. Kipimwe saa nane usiku. Vilevile waseme kama hesabu imeziweka feni za kupoza, maana hizo huwaka mzigo ukipanda, jioni watu wakipika na taa zote zikiwaka.

ELI: Halafu wasituahidi miti. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, linapita kwenye majani kana kwamba hayapo. Panda miti kwa kivuli na sura ya mtaa, sawa. Kelele inataka ukuta mzito wa tofali, uliosogea karibu na transfoma, unaoizidi kimo, usio na tundu hata la kupitishia nyaya.

NEEMA: Sumaku ya nyaya na mitambo ya umeme watu wanaiogopa sana.

ELI: Kiwango cha juu kwa umma cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, cha 2010 ni mikrotesla 200, na nguvu ya sumaku hushuka haraka ukisogea mbali. Iombwe hesabu ya mpakani, hasa nyaya zinapoingilia. Mafuta yaliyo ndani ya transfoma yananipa wasiwasi zaidi.

NEEMA: Lile beseni la zege chini ya transfoma, la kukinga mafuta yakivuja.

ELI: Transfoma yenye mafuta lita 20,000 huwekewa beseni la asilimia 110 ya mafuta hayo, yaani lita 22,000. Sasa masika hii hapa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Beseni la mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 100, lita 6,000 za nafasi zimekwisha. Mlinzi akiona maji anafungua koki yatoke, anasahau kufunga. Siku mafuta yakivuja, yanafuata mtaro hadi mtoni, na chini kuna watu wanamwagilia mboga. Beseni lihesabiwe na mvua ndani yake, na maji yatoke kupitia chemba ya kutenganisha mafuta.

NEEMA: Wananchi waseme haya wapi?

ELI: Kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, kabla mamlaka ya taifa ya mazingira haijamaliza kuipitia ripoti chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Na wayaandike, wabaki na nakala iliyogongwa muhuri, maana ya mdomo hupotea kwenye muhtasari. Ombi liwe moja, lenye kupimika: sharti kwenye cheti cha mazingira cha mradi kwamba kituo kikishawashwa kelele ipimwe upya usiku, feni zote zikizunguka, kwenye dirisha la jirani wa karibu.

NEEMA: Na ipimwe tena transfoma ya pili ikifungwa.