Reli Ilikufa, Wananchi Wakaigeuza Njia ya Baiskeli: Bristol mpaka Bath

Mambo vipi wadau wa nyumbani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo hatupo sebuleni, leo tupo njiani, alafu mnivumilie na upepo maana maiki ni hii hii ya simu. Kuna mdau wa Kimara, Dar, aliniandikia kwenye video iliyopita, anasema kaka hizo njia za baiskeli za huko zinajengwa kwa hela gani, mbona huku tukijengewa moja bodaboda wanaihamia wiki hiyo hiyo. Nikasema hili swali ukilijibu kwa kuandika utalala nalo, ngoja nitoe baiskeli nje.

Haya. Hapa nilipo panaitwa Lawrence Hill, Bristol, kusini magharibi mwa Uingereza, mtaa wa watu wa kawaida kabisa, majirani wengi Wasomali. Hii lami mnayoiona inaanzia karibu na katikati ya mji hapo nyuma yangu, inapita Easton, Fishponds, Staple Hill, inatokomea mashambani inaenda kutokea mji wa Bath, jumla maili 13, kama kilomita 21. Watu wa Dar, chukua njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya kwanza yote, Kimara mpaka Kivukoni ujumlishe na matawi ya Morocco na Gerezani, ndo urefu huo huo. Tofauti ni kwamba humu hakuna basi, hakuna gari, hakuna pikipiki. Ni miguu, baiskeli, viti vya magurudumu, mbwa na vigari vya watoto, basi.

Na hii ilikuwa reli, tena ya abiria. Treni za abiria zilikoma 1966, miaka ile baada ya ripoti ya 1963 ya Beeching, bosi wa shirika la reli, ambapo serikali ilifyeka reli nyingi sana kwa hoja kwamba zinakula hasara. Kwaiyo vyuma vikang'olewa, pakabaki pori na takataka. Sasa mwaka 1977 hapa hapa Bristol kikazaliwa kikundi cha wapanda baiskeli kinaitwa Cyclebag, watu wamechoka kusukumwa na magari, na mmoja wa vinara wao alikuwa injinia anaitwa John Grimshaw. Mwaka 1979 wakaomba wapewe kipande cha reli iliyokufa, wakaingia na makoleo na matoroli, watu wa kujitolea, wakatengeneza kipande cha kwanza kule upande wa Bath mpaka Bitton. Na sikilizeni vizuri hapa mdau wa Kimara, haikuwa lami! Ilikuwa vumbi la kokoto limeshindiliwa juu ya tuta la reli, watu wakaanza kupita, wakaipenda, ndo wakubwa wakaanza kuona aibu kutoisaidia. Njia yote ikakamilika 1986. Kile kikundi ndo kikazaa Sustrans, shirika lililokuja kuchora mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima, na mwaka 1995 wakapewa pauni milioni 42.5 za bahati nasibu ya taifa kuujenga. Juzi juzi 2025 wamebadilisha jina wanaitwa Walk Wheel Cycle Trust, ila watu bado wanasema Sustrans, na mimi nitasema Sustrans.

Kwaiyo jibu la hela gani, ni kwamba hela ilikuja nyuma, watu walitangulia.

Ngoja nipande kidogo tuongee tukienda.

Mnaona ninavyoongea sihemi? Sio kwamba niko fiti, kitambi mnakiona. Ni reli. Treni nzito haipandi mlima mkali kwaiyo waliojenga reli zamani walichimba pale penye kilima na wakajaza tuta pale penye bonde mpaka ikawa tambarare, sisi leo tunarithi kazi ya vibarua wale. Bristol yenyewe ni mji wa milima, kuna mitaa huku ukipanda na baiskeli unaona nyota, ila ukiwa humu unateleza tu. Ndo maana utakuta humu bibi wa miaka sabini na kikapu chake cha mboga mbele. Nyumbani mtu akisema reli ya zamani imebomoka kitu cha kwanza tunachofikiria ni chuma chakavu, wakati mali yenyewe ni lile tuta.

Haya tumefika Staple Hill, hili ndo handaki. Washa taa, vua miwani ya jua kama umevaa. Urefu wake ni karibu nusu kilomita, na ukiingia tu joto linakukimbia ghafla. Sikilizeni sauti... ehee, mnasikia hayo matone? Maji yanachuruzika kutoka kwenye matofali juu, yanakudondokea shingoni hata siku ya jua kali, alafu taa zipo kwenye mstari mmoja kwaiyo unaona doa la mwanga, giza kidogo, doa la mwanga, mpaka mwisho. Mtu anayekuja mbele unamwona kivuli tu, ndo maana unapiga kengele mapema. Msizime kengele zenu jamani. Huku kengele sio ukorofi, ni salamu, ingawa kuna wale wa kwenda kazini saa mbili asubuhi wanaipiga kama wanadai hela. Hiyo ndo kero kubwa ya njia hii, imefanikiwa mpaka imebana. Upana ni kama mita tatu, na ndani ya mita tatu hizo unamweka mzee na fimbo, mtoto anayejifunza baiskeli, mbwa mwenye kamba ndefu, na kijana wa spidi kwenye baiskeli ya umeme. Wanagombana, mimi nimeshuhudia matusi ya Kiingereza safi kabisa humu. Muongozo wa serikali wa mwaka 2020 wa kuchora njia hizi unasema mita tatu ndo kiwango cha kuanzia pale waendao kwa miguu na baiskeli wanapochangia njia, na baiskeli zikizidi 300 kwa saa uongeze. Sasa utaongezea wapi kwenye tuta la reli, pembeni ni mteremko na miti? Hapo ndo wachora mipango wanakuna kichwa.

Kuna kisa kingine watu wa Dar mtakicheka. Mwaka 2008 wakubwa wa mkoa huu walileta mpango wa kupitisha mwendokasi humu, mabasi ya haraka juu ya njia hii hii. Wananchi wakaja juu, wakaandamana, mpango ukawekwa kabatini. Mimi mtu wa Dar nikasema hawa wazimu, wanakataa mwendokasi! Lakini ukikaa nao unaelewa, wao walikuwa na kitu kinachofanya kazi tayari, na mtu aliyeshika koleo mwaka 1979 humwambii habari za kupisha basi. Bado naona mji huu una shida kubwa ya mabasi ila kwa hili walikuwa sahihi, basi litafute barabara.

Sasa nataka mnielewe kwenye jambo moja ambalo ndo limenifanya nitoke leo. Msidhani huku kila kitu ni kama hapa. Mwaka 2018 Sustrans wenyewe walikagua mtandao wao wote, zaidi ya kilomita 26,000, na wakautangazia umma kwamba karibu nusu yake ni mbovu au mbovu sana. Wenyewe! Na 2020 wakafuta karibu robo ya mtandao kwenye ramani rasmi, wakasema vipande hivi vinapita kwenye magari ya kasi, hatuwezi kumwambia mtu ni salama. Na kipimo walichotumia ndo nimekipenda: je, mtoto wa miaka 12 mwenye akili zake anaweza kupita hapa peke yake? Hawaulizi mwanariadha wala mzungu wa helmeti na suruali ya kubana, wanauliza mtoto wa darasa la sita. Ukikishika hiki kipimo, kilomita 20 nzuri zikikatwa na mita 50 za kuvuka barabara ya malori, njia haipo, maana mama hatamruhusu mtoto. Hapo mbele Warmley njia inakata barabara kubwa, na wameweka taa za kuvukia. Unabonyeza, unasubiri, magari yanasimama, unavuka. Kitu kidogo hicho ndo kinaiweka njia hai.

Alafu vizuizi. Kwenye ukaguzi ule walihesabu zaidi ya 16,000 kwenye mtandao, vyuma vya zigzag na mageti yaliyowekwa kuzuia pikipiki. Ngoja niwaonyeshe klipu niliyorekodi mji mwingine, siutaji. Huyu jamaa anaendesha baiskeli ya mikono, miguu yake haifanyi kazi. Anafika kwenye chuma, anaingiza gurudumu la mbele, linaingia, anakunja, nyuma panagoma. Anarudi, anajaribu kwa upande mwingine, panagoma. Na huyo kijana wa pikipiki aliyekusudiwa kuzuiwa? Tazama pembeni ya chuma kwenye nyasi, kuna kinjia kimechimbika kwa matairi, anapita hapo bila hata kupunguza mwendo. Umezuia mlemavu umeacha pikipiki. Sasa hivi wanaving'oa taratibu, na sheria ya usawa ya 2010 inawasaidia wanaodai.

Kule mashambani kuna mfumo tofauti kidogo, nitaupitia haraka. England njia za zamani za kupita kwa miguu kwenye mashamba ya watu zimeandikwa kwenye ramani ya kisheria inayoshikwa na halmashauri, na kwenye vibao vya njiani mshale wa njano ni miguu tu, wa bluu ni miguu, farasi na baiskeli pia. Mwenye shamba akilima juu ya njia anatakiwa airudishe, akiziba, wewe mwananchi unaripoti na halmashauri inawajibika. Wanachelewa kweli kweli, lakini karatasi ipo.

Turudi kwa mdau wa Kimara. Wewe pale Morogoro Road njia ya baiskeli unayo tayari, imejengwa pamoja na mwendokasi, na Dar ilichukua tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, sio siri. Shida ni kipimo cha yule mtoto. Kwaiyo nakupa kazi, na wengine pia, Mbagala, Mwanza, Mombasa, popote ulipo. Chukua futi kamba ya fundi, tembea kipande cha kutoka kwako mpaka shule iliyo karibu. Andika wapi njia inakatika, wapi ni nyembamba kabisa na upana wake, wapi kuna mtaro wazi, wapi bodaboda wamepaki, na wapi mtoto analazimika kushuka barabarani. Piga picha kila sehemu. Usiandike malalamiko, andika sehemu tu. Ukishakuwa na karatasi hiyo ndo uende nayo serikali ya mtaa, maana mwenyekiti akiambiwa "barabara mbaya" anakupa pole, akionyeshwa sehemu tatu zenye picha na vipimo lazima aseme kitu. Nitumieni, zile nzuri nitazisoma kwenye video ijayo, majina nitaficha kwa asiyetaka.

Mimi hapa nimefika Bitton, kuna wazee wanaendesha treni ya mvuke ya maonyesho pembeni ya njia na kituo chao kina mgahawa. Nanywa chai kwanza, Bath baadaye kama mvua itakubali. Ambaye hajasabskraibu afanye hivyo, na mama mkwe kama unaangalia, shikamoo, nimevaa sweta.