Kamera ya Kale ya Mbao: Kuifungua Bila Kuivunja, na Kusaka Matundu ya Mvukuto

Karibuni. Kisanduku hiki mezani, nje ngozi nyeusi, ndani mahogani na shaba ya manjano, ni kamera ya Sanderson. Frederick Sanderson alikuwa seremala wa samani huko Cambridge, Uingereza, na alipenda sana kupiga picha majengo. Mwaka 1895 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kile mtakachokiona sasa hivi.

Shusha ubao wa mbele polepole mpaka ulale na kukaza. Huo ndio sakafu ya kamera. Sasa shika fremu ya lenzi kwa chini, usishike lenzi yenyewe, uivute itoke juu ya reli. Mvukuto wa ngozi utafuata nyuma, ukijikunjua kama kodiani. Ukisikia ngozi inalia, simama. Imekauka, na kila mkunjo utakaoulazimisha utapasuka.

Tazama pembeni: vipande vya shaba vyenye mifereji mirefu, na nati za kukaza kwa vidole. Hapo ndipo pana akili yote ya Sanderson. Ukielekeza kamera juu ili upate mnara mzima, kuta huonekana zinaangukiana kileleni. Kwa hiyo acha kamera ikae sawa, legeza nati, pandisha lenzi peke yake, kaza. Mnara unabaki wima. Kwa kweli mimi hapa huwa namvulia kofia yule seremala.

Nyuma kuna kioo cha ukungu. Jifunike kitambaa cheusi, zungusha kitasa cha reli yenye meno mpaka picha itulie. Itakuwa kichwa chini miguu juu. Usidhani kamera ni mbovu.

Haya, mvukuto. Ingia chumba chenye giza totoro, ondoa kioo cha nyuma, ingiza tochi ndogo ndani, kisha ukague kwa nje. Anza na pembe za mikunjo, maana ngozi husuguana hapo kila kamera inapokunjwa. Nuru ikichungulia kama nyota, weka alama kwa chaki. Ziba kwa ndani: kipande chembamba cha kitambaa cheusi na gundi isiyokakamaa ikikauka. Utepe mzito wa plastiki hapana, mikunjo itanenepa na kamera haitafungika tena.

Shaba nayo iacheni. Wengi wanaisugua ing'ae, kumbe wanaondoa vanishi ya kiwandani iliyokuwa ikiilinda.

Kufunga: rudisha lenzi katikati, isimame wima, isukume ndani hadi mwisho wa reli, ndipo uinue ubao. Ukigoma, usiubane kwa goti. Fungua tena uangalie nati; kuna moja hujaikaza, na fremu imekaa upande.