Wana wa Mji wa Magari: Mhadhara Uliotolewa Lamu

Assalamu alaikum. Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira wa jioni mkaja kusikiliza: ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya wasanii, nami nimechagua mji wa mbali, Detroit, katika jimbo la Michigan huko Marekani. Sababu yangu iko hapa hapa nyumbani. Tangu gati ya kwanza ya bandari yetu ilipofunguliwa Kililana mwezi Mei 2021, barazani hatuna gumzo jingine. Tunauliza ajira, tunauliza ardhi, tunauliza wavuvi watavua wapi. Yote ni maswali ya haki. Mimi naongeza moja: mji ukigeuka kuwa mji wa viwanda, waimbaji wake na wapigaji wake huwa nani, na hutendewa vipi? Detroit imelipitia swali hilo kwa neema na kwa uchungu.

Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, Henry Ford alianza kuunda magari kwa namna mpya: gari huvutwa taratibu mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja hutia kipande chake. Fundi wetu wa Matondoni hukijua chombo chake tangu mkuku hadi mlingoti. Mfanyakazi wa Ford alijua bolti moja, akaikaza kutwa nzima. Kazi ile ilichosha akili, watu wakawa wanaikimbia, na Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya ule wa kawaida.

Habari hiyo ilienea. Miaka iliyofuata, Wamarekani weusi kwa maelfu waliacha mashamba ya pamba ya Alabama, Georgia na Mississippi, wakaacha na ubaguzi wa kule kusini, wakapanda treni kwenda kaskazini. Ubaguzi waliukuta Detroit pia, na kiwandani mara nyingi walipewa kazi nzito na chafu kuliko wengine. Lakini mshahara ulikuwepo, na nyimbo walikuja nazo.

Mmoja wao ni John Lee Hooker wa Mississippi. Mchana alifagia kiwandani, usiku alipiga gitaa katika vilabu vya mtaa wa Hastings. Mwaka 1948 alirekodi "Boogie Chillen'", wimbo uliomtoa, na mle ndani hamna bendi: kuna gitaa moja, sauti yake, na kiatu kinachogonga ubao kushika mapigo. Nawasihi vijana mnaodhani bila mitambo mikubwa hamwezi kuanza mkautafute mkausikilize.

Mtaa huo huo wa Hastings palikuwa na duka la santuri la Joe Von Battle. Nyuma ya duka alikuwa akirekodi, na miongoni mwa aliowarekodi ni mchungaji C. L. Franklin wa kanisa la New Bethel, mhubiri mwenye sauti ya kutikisa ukuta. Mchungaji huyo alikuwa na binti, Aretha, aliyezaliwa Memphis mwaka 1942 na kulelewa Detroit. Nyimbo za kwanza za Aretha zilizotoka kwenye santuri aliziimba kanisani, mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 14. Sisi watu wa maulidi hilo hatulistaajabii. Ni wangapi humu waliojifunza kuivuta sauti msikitini Riyadha kabla hawajajua kwamba sauti ni mali? Mwaka 1967 binti huyo aliimba kudai heshima yake, na dunia ikamsikia.

Nataka nikae kidogo juu ya shule, maana wasifu wa wasanii huziruka. Shule za umma za Detroit zilifundisha muziki kwa dhati, kwa walimu na kwa ala. Shule ya Cass Technical peke yake imepita kwake Ron Carter na Paul Chambers, wawili kati ya wapigaji besi wakubwa wa jazi, Donald Byrd mpiga tarumbeta, na Diana Ross. Watoto wa wafanyakazi walishikishwa fidla na besi na serikali ya mji wao. Tunapenda kusema kipaji hutoka kwa Mungu, na ni kweli, lakini ile fidla ilitoka kwenye bajeti.

Sasa Berry Gordy. Alikuwa bondia, akaacha. Akafungua duka la santuri za jazi, likafilisika. Akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha Lincoln-Mercury, na pale, huku mikono ikifanya kazi, alitunga nyimbo kichwani. Aliona chuma kitupu kikiingia upande mmoja na gari linalong'aa likitoka upande wa pili, akajiuliza kwa nini asifanye hivyo kwa kijana wa mtaani. Januari 1959 familia yake, iliyokuwa na mfuko wa akiba, ilimkopesha dola 800. Mwaka huo huo alinunua nyumba namba 2648, West Grand Boulevard, sehemu ya nyuma ikawa studio, na kampuni ikaitwa Motown, kifupi cha Motor Town, yaani mji wa magari.

Aliiendesha kama kiwanda kweli. Watunzi upande wao, wapigaji upande wao. Maxine Powell aliwafunza wasichana namna ya kutembea, kuketi na kuzungumza, Cholly Atkins akawafunza kucheza jukwaani. Ijumaa asubuhi kilikaa kikao cha kupima nyimbo, na wimbo ulioshindwa haukutoka, hata uwe wa nani. Tena waliusikiliza kwa spika ndogo mfano wa zile za redio ya gari, kwa kuwa ndimo wateja watakamousikia.

Kutoka nyumba ile alitokea Smokey Robinson, mtunzi ambaye naamini angepata kiti chake hata kati ya malenga wa Pate. Walitokea Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard, wasichana wa nyumba za kupanga za Brewster, kundi lao likiitwa Supremes, ambao kati ya 1964 na 1969 walishika nafasi ya kwanza Marekani kwa nyimbo 12. Alitokea Stevie Wonder, kipofu, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1963 akiwa na miaka 13. Mwaka 1965 Martha Reeves na wenzake walipigwa picha wakiimba ndani ya kiwanda cha Ford, katikati ya magari yanayoundwa.

Hao mnawajua. Niliyemjia hasa hamjui jina lake. Ni James Jamerson.

Alizaliwa South Carolina mwaka 1936, akahamia Detroit na mama yake, akajifunza besi shuleni. Besi yake ndiyo inayotembea chini ya nyimbo zile. Aliipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na nyuzi zake hakupenda kuzibadilisha. Chukueni wimbo wowote wa Supremes wa miaka ile, muache sauti za wasichana, mfuateni yeye: hatulii, anauliza na kujibu, anaimba wimbo wake mwenyewe bila kumkanyaga mwimbaji. Yeye, Benny Benjamin wa ngoma, Earl Van Dyke wa piano na wenzao walijiita Funk Brothers. Walilipwa kwa kazi ya siku, nyimbo zikauzwa kwa mamilioni, na kwenye majalada majina yao hayakuandikwa. Ilibidi mwaka 1971 ufike, katika santuri ya Marvin Gaye, mwimbaji wa Motown, ndipo Jamerson alipotajwa. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles. Jamerson aliifuata, kazi ikapungua, na mwaka 1983 akafariki akiwa na miaka 47.

Zein l'Abdin, mwana wa Amu, kila mmoja humu anamjua kwa udi wake. Nawauliza: nyuma ya taarabu mlizochezea harusini, fidla alipiga nani? Dumbak? Na kina mama wa vugo, waliokomesha watu usingizi kwa pembe zile, wameandikwa wapi? Wengine wao wako hai. Jambo hili linaniuma, na sioni kwa nini tusubiri watu wa nje waje kutuandikia.

Detroit yenyewe ilianguka. Mtaa wa Hastings ulibomolewa kupitisha barabara kuu. Von Battle alihamisha duka lake, na ghasia za 1967, zilizoua watu 43, zikalimaliza. Viwanda vikahama. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu karibu 1,850,000; mwaka 2020 walihesabiwa kama 639,000. Hata hivyo, miaka ya 1980 Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, vijana waliosoma pamoja Belleville karibu na mji, walichukua vinanda vya umeme wakazalisha tekno, inayochezwa leo hadi Berlin. Eminem nampita, mnamjua kunizidi.

Nimalizie na Sixto Rodriguez, mtoto wa wahamiaji wa Mexico. Alitoa santuri mbili, 1970 na 1971; Marekani hazikununuliwa, naye akaishi kwa vibarua vya kubomoa na kukarabati nyumba. Asichojua ni kwamba nyimbo zake zilivuka bahari na kuimbwa Afrika Kusini miaka na miaka, na mashabiki wakaamini amekufa. Walipompata, akapanda jukwaani Cape Town mwaka 1998, maelfu waliimba naye neno kwa neno. Kisha akarudi Detroit, nyumba ile ile, akaendelea na vibarua vyake. Alifariki mwaka 2023.

Naona mikono imeinuka. Tuanze na mama pale nyuma, na kama ni habari ya vugo, tafadhali anza kwa majina.