Lettow-Vorbeck na Hesabu ya Wapagazi

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Leo nitamzungumzia Paul von Lettow-Vorbeck, Mjerumani aliyewasili Dar es Salaam mwezi Januari 1914 kuliongoza jeshi la kikoloni, na ambaye waandishi wengi wa historia ya vita humsifu kuwa fundi wa mapigano ya msituni. Ufundi huo simnyimi. Ninachodai ni kwamba sifa ya kutoshindwa aliyoondoka nayo hapa ililipiwa kwa chakula na migongo ya watu wetu.

Hakuja akiwa mgeni wa vita vya kikoloni, kwani alikuwa amekwisha kutumika chini ya Lothar von Trotha katika nchi ambayo leo ni Namibia, wakati Waherero walipokuwa wakiangamizwa. Vita Kuu ilipozuka, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya mapigano, lakini kamanda huyu alikataa, akikusudia kuwavuta wanajeshi wengi wa Uingereza huku ili wapungue Ulaya. Novemba 1914, pale Tanga, watu wake wapatao 1,000 waliwarudisha melini wanajeshi karibu 8,000 waliotoka India. Habari ya nyuki waliowashambulia wapiganaji siku hiyo mnaifahamu, nami sitakaa hapo.

Ninapotaka tukae ni njiani. Tuliopita barabara za kusini wakati wa masika tunajua tope lile. Sasa mfikirie mtu anayelipita kwa miguu, pekupeku, na mzigo wa kilo zipatazo 25 kichwani: risasi, unga, au kipande cha mzinga uliookolewa kutoka manowari Königsberg iliyoangamia Rufiji mwaka 1915. Usiku alipewa unga wa mahindi ambao mara nyingi hakuwa na muda wala sufuria ya kuuivisha, na kuhara damu kukamwua kabla ya risasi. Upande wa Uingereza peke yake ulichukua wapagazi wanaokadiriwa kupita 1,000,000, na waliokufa wakakaribia 100,000. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa hivyo, ingawa tunajua kwamba wapagazi waliotaka kutoroka walifungwa kamba. Jina la Kariakoo, tunalolitaja kila siku tukienda sokoni, limetokana na kikosi cha wapagazi hao wa Waingereza.

Na waliobaki nyumbani? Daktari wa jeshi la von Lettow-Vorbeck, Ludwig Deppe, aliandika mwenyewe kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyokombwa na njaa iliyokuwa ikija. Huko Ugogo majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu. Mvua ilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na watu wanaokadiriwa kufikia 30,000 wakafa. Mbinu ya kuishi kwa chakula cha nchi unayopita, ambayo vitabu huiita werevu, ndiyo hiyo.

Alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, akasalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, nyingi zikiwa bunduki alizowanyang'anya Waingereza na Wareno. Berlin ilimpokea kwa gwaride. Hapo ndipo ilipokuzwa hadithi ya askari wake Waafrika waaminifu waliompenda kamanda wao hadi mwisho, hadithi iliyotumiwa kudai kwamba Ujerumani ilistahili kurudishiwa makoloni. Maelfu ya askari walimtoroka, na hao hawatajwi. Waliobaki walikuwa na sababu zao: mishahara waliyokuwa wakiidai, wake na watoto waliofuatana nao, na hofu ya kurudi vijijini walikopora.

Alifariki Hamburg mwezi Machi 1964. Mazishini, waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara, alimsifu kuwa hakushindwa vitani. Kaburi lake liko Pronstorf na linajulikana. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza na himaya yake katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa.