Nani Anahesabu Sekta? Diski Kubwa kwenye Mashine za Zamani

Mabibi na mabwana, fundi anafunga diski ya terabaiti 3 kwenye kompyuta ya zamani, mashine inagoma kuwaka nayo, na mteja anaambiwa diski ni mbovu. Naomba tuache kutoa hukumu hiyo haraka. Kwanza tuulize: wakati huo ni nani aliyekuwa akiisoma?

Mnapobonyeza swichi, mfumo endeshi bado umelala ndani ya diski. Inayosoma ni BIOS, programu iliyo kwenye chipu ya ubao mama. Sekta, yaani kipande kidogo cha diski, isiyofikiwa na BIOS haiwezi kuamshwa, hata kama ni nzima kabisa.

BIOS za awali zilitaja mahali pa diski kwa silinda (duara la njia za data), kichwa (kinachosoma uso wa diski) na sekta: biti 10, biti 8 na biti 6. Hiyo ni silinda 1024, vichwa 256, na sekta 63, maana sekta huhesabiwa kuanzia 1. Peke yake, BIOS ingefika takribani gigabaiti 8.4. Diski za ATA, kiwango cha kuunganisha diski na kompyuta, nazo ziliruhusu silinda 65,536 na sekta 255, ila vichwa 16 tu. Peke yake, ATA ingefika gigabaiti 136 na ushee. Zikutanisheni sasa. Kila mahali inabidi kuchukua namba iliyo ndogo: silinda 1024, vichwa 16, sekta 63, kila sekta baiti 512. Jumla ni baiti 528,482,304. Nusu gigabaiti! Hakuna mhandisi aliyekaa akaamua ukomo huo. Ulizaliwa pale viwango viwili vilipokutana, kila kimoja kikiwa na nafasi tele, na mimi naona hilo ndilo funzo kubwa la historia hii yote.

BIOS zikaanza kutafsiri namba, zikidai vichwa vingi na silinda chache, ukomo ukasogea hadi gigabaiti 8.4. Hapo watumiaji wa Linux waliteseka na LILO, programu ya kuwasha Linux iliyotegemea BIOS kusoma diski. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ikishaamka huongea na diski yenyewe bila BIOS, huiona yote. Lakini ukisasisha mfumo, kerneli mpya ikaandikwa ng'ambo ya silinda 1024, ukiwasha tena haiwaki. Ndiyo maana ya ule ushauri wa kutenga patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya kuwekea kerneli, /boot, mwanzoni mwa diski.

Terabaiti 3 zetu zimekwama kwingine, kwenye MBR, jedwali la patisheni lililo katika sekta ya kwanza ya diski. Sekta ile ya kwanza ina baiti 512: 446 za kuanzishia mfumo, 64 za patisheni nne, 2 za alama. Kila patisheni huandikiwa mwanzo na urefu kwa biti 32, na kwa sekta za baiti 512 hesabu inaishia terabaiti 2.2.

Jedwali la GPT, lililokuja kuchukua nafasi ya MBR, hutumia biti 64, kwa hiyo nafasi ipo. Ila Windows haikubali kuwaka kutoka GPT bila UEFI, mrithi wa BIOS. Mashine ikiwa na BIOS tupu, wekeni Windows kwenye SSD ndogo yenye MBR, na diski kubwa ibaki ya data kwa GPT. Windows 7 na zilizofuata zitaisoma yote. Wa Linux mnaweza kuwaka kutoka diski hiyo hiyo kwa GRUB, programu ya kuwasha mfumo, mradi mmeitengea patisheni yake ya megabaiti 1, isiyo na faili lolote.