Siku mbili Roma nikielekea nyumbani: kadi, hela na ule utumbo

Hamjambo wapendwa, karibuni. Leo sijaja na safari mpya. Nimekaa kujibu komenti zenu, maana tangu niweke zile picha za Roma, nilikolala siku mbili nikielekea nyumbani Tanzania, ni zile zile: "Dada, ulitokaje nje ya uwanja wa ndege, mbona sisi wenye pasipoti ya Tanzania tunaambiwa tukae ndani?" Na zile nyingine: "Mnalia maisha ya Ulaya magumu, halafu mnakula chakula cha euro 95." Nitajibu zote. Sijaja kujisifu, na sijaja kulia.

Nilitoka kwa sababu ya kadi ya ukaazi ya Ujerumani, basi. Ukiwa na hiyo kadi na pasipoti iliyo hai, nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, unaingia bila viza, mradi usizidi siku 90 ndani ya siku 180. Unayetokea Dar na pasipoti peke yake, ukitaka kutoka nje hata kwa saa tano, unahitaji viza ya Schengen: ada euro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, barua ya kazi. Wakikunyima, ada hairudi. Na ndugu zetu wa Kongo ya Kinshasa ndio wanaumia zaidi, wao hata kubadilisha ndege tu bila kutoka wanadaiwa viza ya transiti, labda wawe na kadi kama yangu.

Nalisema hili kwa uchungu. Mdogo wangu alikuwa anakwenda kusoma Kanada, wakala akamuuzia tiketi yenye transiti ya saa 19 akamwambia, "Utatoka, utatembea mji." Hakutoka. Alikaa kwenye kiti cha chuma usiku kucha, begi kalifanya mto, akinitumia meseji, "Dada, hapa maji tu euro nne." Sijasahau. Kwa hiyo tiketi ya transiti ndefu usiinunue kwa maneno ya mtu, waulize ubalozi kwanza. Na hiyo kadi mnayoiona rahisi, niliisubiri miezi mitano. Kila nikipiga simu naambiwa nitume barua pepe, nikituma barua pepe kimya. Ilifika wiki tatu kabla ya safari.

Haya, hela. Tiketi ya kupitia Roma na Addis Ababa mpaka Dar, nikilala Roma siku mbili, ilinizidi euro 60 tu juu ya ile ya kawaida. Treni ya kutoka uwanja wa ndege mpaka stesheni ya Termini euro 14, nusu saa. Hotelini, mbali na bei ya chumba, kuna kodi ya jiji ya kila usiku ambayo kwenye simu sikuiona, nikaikuta mapokezi. Tiketi ya Colosseum, ule uwanja wa michezo wa kale, inaandikwa jina lako na mlangoni wanadai kitambulisho, kwa hiyo andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

Colosseum wote mnaijua, sitaki kuwachosha. Mimi kilichonishika ni magofu ya Forum, kitovu cha mji wa kale wa Roma. Mjue mimi ni mtu wa Kilwa Masoko, nimekua naona magofu ya Kisiwani ng'ambo ya maji, na baba yangu amechoma chokaa ya matumbawe tangu ujana wake. Sasa niko pale kati ya nguzo zilizobaki tatu tatu, nauliza marumaru zote zilikwenda wapi, naambiwa watu wa Roma wenyewe, karne kwa karne, walizibomoa wakazichoma kuwa chokaa. Nilisimama. Kazi ya baba yangu kabisa. Kwa hiyo wanaoniandikia "ungeenda Kilwa kwanza", Kilwa ndiyo iliyonifundisha kutazama.

Mgahawa. Ndiyo, euro 95, nimeweka akiba tangu Januari kwa zamu za usiku, na sikumkopa mtu. Ulikuwa mtaa wa Testaccio, kulikokuwa na machinjio makubwa ya jiji tangu mwisho wa karne ya 19. Wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira kwa utumbo, mikia na vichwa, ndipo yakazaliwa mapishi wanayoyaita "robo ya tano", yaani kile kinachobaki mnyama akishagawanywa robo nne. Siku hiyo Jumamosi, na Jumamosi Roma ni siku ya utumbo. Wakaniletea kwenye kibakuli cha udongo: umekatwa vipande vyembamba, umelainika kwenye nyanya, juu jibini ya kondoo iliyokunwa na majani ya mnanaa. Nikaonja nikanyamaza. Ni laini kuliko wetu, lakini ile harufu ya mwisho, ile inayobaki puani, ni ya supu ya asubuhi stendi ya Kilwa. Je, inafaa kwako kulipa vile? Sijui mfuko wako. Kuna mtu hiyo hela ni ada ya mtoto, na yuko sahihi.

Asubuhi ya mwisho nikaingia Pantheon, hekalu la kale la Warumi, nililipa euro 5. Kuba lake ni zege tupu lisilo na chuma, upana mita 43, limesimama miaka karibu 1,900, na katikati kuna tundu wazi linaloona mbingu. Nikampigia baba simu ya video nimwonyeshe. Akatazama muda mrefu, akalinganisha na makuba ya Msikiti Mkuu wa Kisiwani, kisha akauliza, "Mwanangu, hapo mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi?" Nikachuchumaa, nikashusha simu mpaka kwenye marumaru, nikamwonyesha sakafu ilivyoinama kidogo na vitobo vya kupitishia maji. Akasema, "Enhe, fundi huyo alijua."